Mbweha wa Ghorofa ya Nne

Mjini, 4 Machi

Mjomba Orin mpendwa,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa baba ananiambia kwenye simu husikii tena, na kwa kuwa barua kati ya wakili na mteja wake ni kitu ambacho mahakama haiwezi kulazimisha kifunuliwe. Naam, nimesema mteja. Vumilia kidogo.

Unajua kwamba jimbo letu sasa linataka kila anayemkabidhi mwenzake bunduki, hata kwa kumwazima tu, waende wote wawili kwenye duka lenye leseni, na rekodi za mpokeaji zikaguliwe. Walioachwa nje ni ndugu wa damu, mashemeji na wachache wengine. Ofisi iliyoniajiri nilipoapishwa inaipinga sheria hiyo katika mahakama ya shirikisho, na hoja, nasema bila unyenyekevu wa uongo, ni yangu kwa sehemu kubwa. Katiba inalinda haki ya kumiliki silaha. Mahakama ya Juu inaitaka serikali inayoibana haki hiyo ionyeshe kwamba vizazi vya kwanza vya taifa hili navyo viliibana kwa namna inayofanana. Nimesoma sheria za makoloni, hadi zile za nguruwe wanaozurura, na sijaona mkulima akitakiwa kuomba kibali ili amwazime jirani bunduki.

Lakini hoja isiyo na mtu ni hewa. Mahakama haisikilizi manung'uniko ya mtu ambaye sheria haijamgusa. Tunaye mdai mmoja, mama mwenye duka la mbegu, naye anasema huenda siku moja atamwazima mtu bunduki. "Huenda" si kisa.

Ndipo nikakumbuka. Majira ya baridi ya mwaka juzi, baada ya mazishi ya mama, baba alinitajia katikati ya habari za mvua kwamba umeazima bunduki zake zote tatu kwa sababu ya mbweha. Bado unazo. Wewe si ndugu wa mama kwa damu. Ni mjomba wangu kwa sababu ya ua wa waya uliopo kati ya mashamba yenu. Kisheria, basi, wewe na baba ni wahalifu, na sijawahi kuufurahia uhalifu wa watu ninaowapenda kiasi hiki.

Kubali kuwa mdai. Kazi yako itakuwa kusema ukweli tu.

Wako,
Willis Haug


Kettle Flat, 13 Machi

Willis,

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani iliyo sahihi. Unaandika vizuri. Mama yako angeipeleka kanisani ikasomwe.

Mimi niache. Mtafute mwingine. Nilimwambia Lars wa ghala la nafaka, "Kijana wa Arvid anatafuta mtu wa kuishtaki serikali." Lars akaniuliza, "Nitavaa kofia gani?" Basi mtu unaye, na kofia anazo nyingi.

Baba yako hajambo. Alhamisi tulikunywa kahawa pale mgahawani kwa Dagny. Alikula pai nzima akaniachia makombo, kisha akaniambia mimi ni mchoyo. Mimi hilo nimelipokea kama habari njema.

Theluji inayeyuka. Barabara yangu ni uji.

Orin


Mjini, 20 Machi

Mjomba Orin,

Lars hafai. Lars hajaazima kitu, na hamiliki cha kuazimwa isipokuwa hizo kofia.

Hukunipa sababu ya kukataa, nami nimefunzwa kuamini kwamba kukataa bila sababu ni kukubali kulikochelewa. Naambatanisha hati ya kiapo. Isome uone ilivyo nyepesi: "Kwamba mimi, Orin Stensrud, mkulima, niliazima bunduki tatu za jirani yangu Arvid Haug ili kuwalinda ndama wangu dhidi ya mbweha, kwamba duka la karibu lenye leseni liko mbali na shamba langu, kwamba ningependa kuendelea na desturi hii bila hofu ya kushtakiwa."

Mkuu wangu, Bi. Corliss, mwanamke asiyesifu hata kahawa aliyoipika mwenyewe, aliisoma akasema, "Mbweha ni zawadi. Hakuna jaji asiyemwelewa mbweha." Usimnyime zawadi yake. Utakapohojiwa, mwanasheria wa jimbo atakuuliza maswali machache ya upole, na mimi nitakaa karibu yako.

Nakuomba pia ufikirie jambo lililo kubwa kuliko kesi. Watu wa huku wanaamini kwamba sisi wa upande mkavu wa milima tunapenda bunduki kuliko watu. Hiki ni kisa cha ujirani. Kisimuliwe mbele ya jaji, kiwe kwenye kumbukumbu za mahakama milele.

Tia saini mbele ya karani wa posta, urudishe.

Willis


Kettle Flat, 1 Aprili

Willis,

Hati nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Haina saini yangu na haitakuwa nayo.

Ng'ombe wangu niliwauza mwaka aliozaliwa mjukuu wangu Karsten. Karsten sasa anaendesha gari, vibaya. Ulikuwapo siku ile ng'ombe wanapakiwa, ulikuwa mdogo, ukalia kwa ajili ya yule mweusi mwenye pembe moja. Sasa unataka niape kuhusu ndama gani?

Huyo mwanasheria wa upole ataniuliza nimeua mbweha wangapi. Nitajibu sijaua hata mmoja. Ataniuliza, basi, bunduki uliziazimia nini? Hapo ndipo mimi na wewe tutakapotazamana.

Ombi langu ni lile lile. Mtafute mwingine.

Orin


Mjini, 8 Aprili

Bwana Stensrud,

Nimeisoma barua yako kama ninavyosoma ushahidi, na ushahidi unasema hivi: hukuwa na ndama, hukuua mbweha, na hata hivyo ulimwendea mtu aliyetoka kumzika mkewe ukachukua bunduki zake zote, ikiwemo ile ya babu iliyokuja na meli kutoka Norwei, kwa kisingizio ulichojua si cha kweli. Mwaka na zaidi umepita hujazirudisha.

Nilikuwa tayari kukutetea mbele ya jaji wa shirikisho. Sasa nauliza nilikuwa namtetea nani. Nimemwandikia baba kumshauri adai mali yake. Akikataa, nitaidai kwa niaba yake.

Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha viapo ni mwezi ujao. Kesi ikitupwa kwa kukosa mdai, na sheria ikabaki kwa watu wote wa jimbo hili, utajua ilitupwa na nani.

W. Haug


Kettle Flat, 19 Aprili

Willis,

Barua yako imefika. Umeniandikia kama mtu wa benki.

Orin hakuniibia kitu. Mbweha walikuwapo. Nilikuwapo mimi, wewe hukuwapo. Usidai chochote kwa niaba yangu, bado nina mdomo.

Barua uliyoniandikia nimempa Orin aisome, kwa sababu inamhusu. Aliisoma amesimama. Kisha akasema, "Kijana ana mwandiko mzuri." Nikamwambia, "Mwandiko wa mama yake, kichwa changu." Akasema, "Basi pole yake."

Ngano imeota vizuri upande wa kaskazini. Juno amekuwa mbwa mzee lakini bado anafukuza magari, yale yanayokwenda polepole.

Baba


Kettle Flat, 27 Aprili

Willis,

Baba yako hajaniruhusu kuandika haya. Hajanikataza pia. Alinipa barua yako, akaniacha nayo, akaenda kutengeneza mashine ya kupandia ambayo haijaharibika. Hiyo ndiyo ruhusa ya Arvid, kwa jinsi ninavyomjua.

Ulihama kwenda chuoni ukiwa bado mtoto, na mambo haya mtoto haambiwi. Huku, mtu akiwa na hali mbaya, jirani haendi kumwuliza una nini. Anakwenda kuazima bunduki. Anasema mbweha, kwa sababu ni lazima aseme kitu. Mwenye bunduki anajua, na mwazimaji anajua kuwa anajua, na hakuna anayelazimika kusema neno ambalo baadaye atashindwa kulimeza. Babu yako alimwazima baba yangu bunduki mwaka wa ukame. Baba yangu naye alimwazima mhubiri yule wa zamani, na yule hata kuku hakuwa naye wa kusingizia mbweha.

Mwaka juzi, majira ya baridi, baba yako alikuja kwenye ua na Juno kwenye kamba. Kwa miaka yote sijawahi kumwona mbwa yule kwenye kamba. Akaniambia, "Orin, utamchukua huyu?"

Nikamwambia, "Unasafiri?"

Akasema, "Hapana. Nakuuliza tu. Anakupenda."

Nikamwambia, "Mbwa simtaki, ananuka. Nipe bunduki zako, mbweha wananimaliza."

Akanitazama, akacheka, lakini si kicheko unachokijua. "Mbweha gani wewe mzee, ng'ombe uliuza zamani."

Nikasema, "Habari haijawafikia. Bado wanakuja."

Kisha akasema, "Zipo nyuma ya mlango." Nikaenda nikazitoa, zote tatu, na risasi, nikazipakia kwenye pikapu. Alinifungulia lango. Ile ya babu yako niliizungushia blanketi la mama yako Marlys, baba yako alilitoa mwenyewe.

Hilo ndilo lililotokea. Desturi yetu ni kwamba mwenyewe akiziomba mara ya kwanza unamjibu bado mbweha wapo. Akiziomba mara ya pili, baada ya mavuno, unamrudishia bila neno. Arvid aliomba mara moja, msimu wa kulungu uliopita. Nikamjibu bado wapo. Akasema, "Wanazaliana sana, eti?" Tukacheka vizuri. Hajaomba tena.

Sasa una kisa chako cha ujirani. Kukisimulia mbele ya jaji siwezi.

Orin Stensrud


Mjini, 6 Mei

Mjomba Orin,

Barua yako nimeipokea. Ile yangu ya 8 Aprili ichome.

Nieleze nilichofanya, kwa kuwa unastahili kujua. Nilimwuliza Bi. Corliss kwa mfano, bila majina: ingekuwaje kama mdai hakuazima bunduki kwa mbweha, bali ili zisiwe mikononi mwa mtu fulani kwa kitambo? Aliweka kalamu chini. "Hiyo ndiyo kesi yenyewe," akasema. "Hiyo ndiyo kesi bora zaidi katika nchi hii. Unaye mtu huyo?" Naye yuko sahihi. Sheria inajidai kuokoa maisha, na mtu huyo amekuwa mhalifu kwa kuokoa maisha. Jaji angelazimika kuitazama kwa macho mengine. Hoja zangu zote za makoloni hazifikii kisa hiki kimoja.

Kisha nikaipima kwa upande wa pili, kama nilivyofunzwa. Sheria ina mwanya: inaruhusu kumpokonya mtu silaha ili kuzuia kifo kilicho karibu, kwa muda ule tu hatari inapodumu. Upande wa jimbo ungesema mwanya huo unakutosha. Sisi tungejibu kwamba bunduki zimekaa kwako mwaka na zaidi, kwa hiyo hatari ya karibu ilikwisha kupita. Wao wangesema haikupita. Na kwa kuwa hakuna anayejua isipokuwa mmoja, wangemwita huyo mmoja, wangemwapisha, na mwanasheria wa upole angemwuliza hatari yake iliisha siku gani.

Nimejaribu kufikiri angejibu nini. Sina jibu, na sina haki ya kumtaka awe nalo.

Nimemwambia Bi. Corliss kwamba mtu huyo hayupo. Hati yako nimeipitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Bado naamini sheria ni mbovu. Kwa kweli sasa naamini hivyo kwa sababu bora kuliko zile za mwanzo, na siwezi kuzitumia.

Willis


Mjini, 17 Septemba

Mjomba Orin,

Taarifa kwa ufupi. Jaji ameitupa kesi. Ameandika kurasa nyingi za adabu, na neno lake kuu ni kwamba mama wa duka la mbegu hajaonyesha amedhurika wala yu karibu kudhurika, na kwamba "siku moja" si tarehe. Kuhusu makoloni hakusema kitu, maana hakufika huko. Hakusema sheria ni halali, wala si halali. Amesema tu kwamba hakuna mtu mbele yake.

Bi. Corliss aliniuliza tena kama yule mtu wa mfano hayupo kweli. Nikarudia kwamba hayupo. Akasema, "Wewe ni mwongo mzuri kuliko ulivyo wakili." Sijui kama ni sifa.

Mavuno yalikuwaje?

Willis


Kettle Flat, 3 Oktoba

Willis,

Mavuno yalikuwa mazuri kuliko tulivyostahili. Lars alipima magunia amevaa kofia mpya.

Nyonga yangu imekataa kazi. Daktari anasema nitafanyiwa upasuaji, na binti yangu Solveig anasema nikishapasuliwa nitakaa kwake, huko jimbo la jirani. Anasema kwa muda. Ameshauza trekta langu, kwa hiyo muda huo naufahamu.

Sasa kuna jambo la bunduki za baba yako. Siwezi kuvuka nazo mpaka wa jimbo. Baba yako hajaziomba mara ya pili, nami sitazirudisha kabla hajaomba. Anakula, analala, mwezi uliopita aliimba kanisani, vibaya. Lakini baridi inakuja, na ua wangu utakuwa hauna mtu upande huu. Nilimfikiria Lars. Kwa Lars litakuwa kosa, kama lilivyokuwa kwangu, na Lars hawezi kunyamaza hata akilipwa.

Wewe ni damu yake. Ile sheria uliyoishtaki inakuruhusu. Kama ningekuwa mjomba wako kweli, haya yote yasingekuwapo.

Usije kwangu kuzichukua kimya kimya. Si zangu. Mwombe mwenyewe. Na tafadhali, usimletee hoja.

Orin


Mjini, 12 Oktoba

Baba mpendwa,

Natumaini hujambo, na Juno hajambo, na magari yanakwenda polepole.

Nakuandikia kwa shida moja. Kama ujuavyo, ninapangisha ghorofa ya nne, juu ya duka la vitabu. Siku hizi mbweha wamenizidi. Wanapanda ngazi. Nimejaribu kuwafukuza kwa ufagio bila mafanikio, na jirani yangu wa chini, ambaye ni mpiga zeze, amelalamika.

Nasikia Mjomba Orin amemalizana na wale wa kwake. Naomba uniazime bunduki zako tatu. Nina kabati lenye kufuli. Nitazitunza, nami nitazitumia muda wote mbweha watakapokuwapo, muda nisioweza kukutajia kwa tarehe.

Ukikubali, nitakuja Jumamosi yoyote utakayotaja. Na ukitaja zaidi ya moja, nitakuja zote.

Mwanao,
Willis


Kettle Flat, 19 Oktoba

Willis,

Ghorofa ya nne. Nimesoma mara mbili. Nilimsomea Orin, akacheka mpaka akaishika nyonga, kisha akatoka nje kidogo.

Sijawahi kusikia mbweha wanaopanda ngazi, lakini sijasoma vitabu ulivyosoma wewe. Kama wamefika huko ni wabaya kuliko wetu. Chukua.

Njoo Jumamosi hii. Njoo na ile inayofuata pia, kuna ua wa kutengeneza kabla ardhi haijaganda, na Orin atakuwa anatusimamia kutoka kwenye kiti. Ile ya babu yako imefungwa kwenye blanketi la mama yako. Bunduki peleka. Blanketi nirudishie, usiku huku ni baridi.

Usije na wazo la kumchukua na mbwa. Juno anabaki na mimi.

Baba